Je, Shule Zetu Zimeshuka?

Twawasikia wazee wakisema, "Elimu ya zamani ndiyo elimu, ya leo imeshuka." Neno hili si dogo, maana mzazi akilisadiki hukata tamaa, na mwalimu akilisikia kila siku hulegea mikono. Basi yatupasa kulipima kwa historia ya nchi yetu ya Tanzania.

Zamani za utawala wa Waingereza shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni. Zilikuwa njema, lakini zilikuwa chache. Hata walioingia walichujwa, kwa kuwa mtihani wa darasa la nne uliwarudisha wengi nyumbani. Wazee waisifuo shule ya zamani ndio waliopita katika chujio lile. Wenzao waliobaki wakichunga mbuzi, nani aliwatahini? Na wasichana wengi hawakuuona mlango wa shule kamwe.

Mwaka 1969 serikali ikatunga sheria ya kuzitwaa shule za misioni zilizopata ruzuku. Mwaka 1974, huko Musoma, ikaazimiwa kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi, na mwaka 1977 mpango ukaanza. Watoto wakajaa madarasani. Lakini mwalimu hazaliwi kwa azimio. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundisha huku wao wenyewe wakijifunza kazi. Kisha ikaja dhiki ya miaka ya 1980: vitabu vikapungua, ada ikarudishwa, na watoto wengine wakaacha shule.

Ada ya shule za msingi ilipoondolewa tena mwaka 2001, wanafunzi walikuwa hawajafika milioni 5. Ilipofika mwaka 2005 walikuwa wamepita milioni 7. Na sekondari za kata nazo zikajengwa kwa haraka. Ndipo yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na watahiniwa zaidi ya 240,000 wakapata daraja sifuri. Serikali iliyafuta matokeo yale ikayapanga upya. Lakini alama zilibadilika, maarifa ya mtoto hayakuongezeka.

Basi tujibu nini? Tukimlinganisha mtoto aliyechaguliwa zamani na mtoto yeyote wa leo, twapima kwa mizani isiyo ya haki. Walakini tusijifariji kwa hesabu ya walioandikishwa. Mtoto aliyeketi darasani miaka saba, naye hawezi kumsomea mama yake barua, ameibiwa, ingawa jina lake limo daftarini. Kosa halikuwa kuufungua mlango. Kosa lilikuwa kuufungua kabla walimu hawajatosha.

Usione vyaelea, vimeundwa. Shule njema za zamani ziliundwa na mwalimu aliyefundishwa vema, na darasa la watoto wachache, na mzazi aliyeuliza jioni, "Leo umejifunza nini?" Mambo hayo yatakeni kwa ajili ya watoto wote. Ninyi walimu, msimwache aliye nyuma. Ninyi wazazi, fungueni daftari la mtoto kabla ya kuilaumu shule. Na mkiona darasa halina mwalimu, semeni mkutanoni wala msinyamaze. Tusilitamani chujio la zamani, bali tuutamani uangalifu wake.