Singo, Liwa na Mikono Isugulayo

Mtu apitaye Mbezi Beach alasiri ya Jumamosi aweza kusikia, nyuma ya ukuta wa nyumba mojawapo, kicheko cha wasichana waliokusanyika uani. Wametandika mkeka. Kati yao pana bakuli la liwa, machicha ya nazi yaliyochanganywa na asali, hina iliyokandwa kwa ndimu, na chetezo chenye makaa. Mmoja humsugua mwenziwe mgongo, mwingine humkanda miguu, wa tatu hungoja zamu yake. Ukiwauliza, watakwambia kwamba wanafanya jambo la kisasa. Sisi twaona kwamba jambo hilo ni kongwe, na kwamba kilichobadilika hasa ni mikono inayosugua.

Mbezi Beach imo katika Wilaya ya Kinondoni, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Kabla viwanja havijakatwa na kuta hazijajengwa, palikuwa mahali pa minazi na mikorosho, katika nchi ya Wazaramo. Jirani yake, Kunduchi, yapo magofu ya msikiti na makaburi ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina. Makaburi hayo yatukumbusha kwamba pwani hii ilifanya biashara na nchi za mbali, na biashara hiyo haikuleta sahani peke yake. Msandali utoao liwa ulitoka Bara Hindi, na marashi yalitoka nchi za Waarabu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa kwa tambuu na kwa marashi ya waridi kutoka Dameski, aliyomiminiwa. Basi manukato yalikuwa sehemu ya adabu ya pwani karne nyingi kabla ya duka la vipodozi.

Hata hivyo, si kila kitu kilikuja kwa jahazi. Miongoni mwa Wazaramo msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani kwa miezi mingi, na zamani hata kwa miaka, akiitwa mwali. Alipewa mwana hiti, kinyago kidogo kisicho na mikono wala miguu, akawa akikiogesha, akikipaka mafuta na kukitunza kama mtoto wake. Mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz, aliyeishi katika kijiji cha Bunju, kaskazini ya Mbezi, katika miaka ya 1960, alieleza mila za Wazaramo katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Yafaa mwanafunzi azingatie jambo hili: mwali alijifunza kuutunza mwili kwa kutunza kwanza mwili wa mwingine, japo ulikuwa wa mti.

Ufundi wenyewe hauhitaji mali nyingi, bali wahitaji subira. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa kwa kifumbu, kisha likachemshwa polepole mpaka maji yaishe na mafuta yajitenge. Machicha yanayobaki hayatupwi, kwani husugua ngozi vizuri kuliko kitambaa. Kipande cha liwa husuguliwa juu ya jiwe kwa matone ya maji au marashi, hata upatikane uji mzito wenye harufu tulivu. Majani ya mhina husagwa na kukandwa kwa ndimu, yakaachwa kwa saa kadhaa. Wanafunzi wa kemia wataelewa kwamba asidi ya ndimu huisaidia rangi kutoka katika jani. Ama singo, ambayo ni fahari ya Unguja na Pemba, huchanganya asumini, waridi, mlangilangi, mrehani, karafuu na liwa, vyote vikatwangwa na kulainishwa kwa marashi. Bibi harusi husuguliwa kwa singo siku kadhaa kabla ya harusi. Hakuna vipimo vilivyoandikwa. Kila somo ana mkono wake, na wengi hawapendi kumwonyesha jirani.

Lakini mikono hiyo ilikuwa ya nani? Hapa ndipo historia inapoacha kuwa tamu. Huko Kidichi, Unguja, Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi nyumba ya kuogea yapata mwaka 1850, na baadaye Sultani Barghash akajenga Hamamni mjini. Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, aeleza nyumba za kuogea za jumba la Mtoni na maisha ya mabibi wa jumba hilo. Walioyateka maji, waliowakanda mabibi na kufukiza nguo zao udi walikuwa watumwa. Mjakazi aliyejua siri zote za liwa hakutarajiwa kujipamba kama bibi yake.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria huko mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Watu waliokatazwa mapambo wakayatwaa. Mjini Mombasa, utafiti wa Margaret Strobel umeonyesha kwamba ngoma za makungwi zilianzia kwa wanawake watumwa, na baadaye zikawavuta hata waungwana. Yaani elimu ya waliodharauliwa ikawa elimu ya mji mzima. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini wanawake wa Unguja walimjua pia kama mwalimu wa unyago. Katika mkutano wa namna hiyo, anayesugua leo husuguliwa kesho, na hakuna bibi wala mjakazi.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba kila cha kienyeji ni salama na kila cha dukani ni sumu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Ilikataza sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Wasichana wengi walisumbuliwa barabarani kwa ajili ya mavazi yao, na jambo hilo hatuwezi kulisifu. Lakini kuhusu dawa za kujichubua onyo lilikuwa na haki, kwa kuwa zebaki hudhuru figo na neva. Leo vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na bado vyauzwa kwa kificho. Liwa na singo hazikukusudiwa kubadili rangi ya mtu, ingawa twakiri kwamba sifa ya “kung’aa” wapewayo maharusi imewapotosha baadhi. Vilevile piko nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele ya dukani yaweza kuunguza ngozi, wakati hina safi ni nadra kufanya hivyo.

Tangu unyago ulipopungua mjini, kicheni pati imeshika nafasi yake, na singo hununuliwa saluni kwa fedha. Msuguaji hapo ni mfanyakazi, aghalabu msichana aliyetoka bara au Temeke, na hangojei zamu yake ya kusuguliwa. Hatusemi kwamba ni mtumwa. Analipwa, na ujuzi wake ni wake. Ila tunapoyatazama hayo, twauona ule uani wa Mbezi Beach kwa jicho jingine. Pale mdogo kuliko wote ndiye akunaye nazi, akinung’unika. Bibi wa nyumba, aliyeketi kizingitini, amwambia asiifikishe mbuzi kwenye ganda, maana machicha yakiingia ukumbi wa ganda yatakwaruza. Kisha wakubwa wamwita alale juu ya mkeka, kwa kuwa zamu yake imefika.