Amani, darasa la uchumi lililotangulia vyuo

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesomea shahada ya biashara hakawii kukutana na uchumi. Kabla ya mtihani wa kwanza atakuwa amepitia kiwanda cha pini cha Adam Smith, cha mwaka 1776, na bunduki na siagi za Paul Samuelson, ambaye kitabu chake cha 1948 kiliongoza ufundishaji wa somo hili karibu dunia nzima. Mifano hiyo ni mizuri. Ila kijana wa Muheza, mkoani Tanga, anapotakiwa kueleza bidhaa mbadala au gharama iliyokwisha kuzama, sioni sababu ya kumpeleka Scotland wakati kwao, juu kidogo milimani, ipo Amani.

Somo lenyewe lina umri mfupi kwetu. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianza Dar es Salaam mwaka 1965. Mwaka 1972 kikaja Chuo cha Usimamizi wa Fedha, na mwaka huohuo Mzumbe ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata Kitivo cha Biashara na Uongozi mwaka 1979. Vitabu vilitoka ng'ambo, na mifano ikaja navyo.

Amani ilikuwa imeanza kufundisha zaidi ya miaka 70 kabla ya kitivo hicho, na ada ya somo ililipwa kwa mashamba yaliyofilisika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walipanda milima ya Usambara Mashariki wakaona msitu mnene, miti mirefu na mvua tele. Wakaamini kwamba ardhi inayobeba msitu wa namna ile haiwezi kushindwa na mbuni. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikafyeka Derema, karibu na Amani, ikapanda kahawa, na wengine wakafuata. Mavuno ya mwanzo yaliwapa moyo, kisha yakaanza kushuka. Rutuba haikuwa chini udongoni. Ilikuwa kwenye miti yenyewe na majani yanayooza juu ya ardhi, na miti ilipofyekwa rutuba nayo ikaondoka. Wapo walioendelea kupalilia na kulipa vibarua kwa kuwa walishatumia fedha nyingi mno kuacha. Kosa hilo lina sura yake katika kila kitabu cha uchumi wa biashara, na linarudiwa hadi leo na wafanyabiashara wenye akili timamu.

Hasara ya kahawa ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoonyesha haja ya utafiti. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilianzisha Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia, chini ya Franz Stuhlmann, ikapanda mimea kutoka kila bara ili ijulikane upi utafaa. Hakuna mlowezi ambaye angegharamia kazi hiyo peke yake, maana matokeo yakishajulikana jirani angeyatumia bure. Kwa hiyo serikali ndiyo iliyolipa, na hiyo nayo ni mada ya muhula wa kwanza.

Halafu ukaja mpira. Bei ilipopanda duniani, mashamba ya mpira wa Ceara yalienea Tanga na Muheza. Mwaka 1913 bei ikaanguka, kwa sababu mashamba makubwa ya Asia yalikuwa yametoa mpira wa aina nyingine, bora na wa bei nafuu. Walowezi wa Tanga hawakufanya kosa lolote shambani mwao, ila soko lao liliamuliwa Malaya. Miti ikakatwa au ikatelekezwa.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Mpira wa Ceara ni ndugu wa muhogo. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, watafiti wa Amani, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, walikuwa wakihangaika na batobato, ugonjwa uliokuwa ukimaliza muhogo. Wakachukua ule mti uliowatia watu hasara, wakauchanganya na muhogo, kisha wakarudia kuchanganya vizazi vyake na muhogo hadi wakapata aina zenye ukinzani. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo ziliingia baadaye katika uzalishaji wa muhogo wa nchi nyingine za Afrika. Hesabu za 1913 ziliuandika mpira huo kama hasara tupu, na wakati huo zilikuwa sahihi.

Mkonge ndio unaojulikana zaidi. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai mwaka 1893 na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62. Mmea huu unataka mtaji wenye subira: unapanda, unasubiri miaka mitatu hivi, unakata majani kwa miaka kadhaa, kisha mmea unatoa mlingoti na kufa. Gharama ya kupanda inagawanywa kwa majani yote utakayokata. Hapo ndipo ilipo thamani ya chotara nambari 11648, iliyoanzia katika utafiti wa Amani na kukamilishwa katika kituo cha utafiti cha Mlingano. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 na ushei, lakini chotara hiyo hupita 600. Manamba, kibarua wa mkataba aliyekata na kufunga matita ya majani 30 juani, akisubiri kipande chake, yaani kadi ya kazi, kijae siku 30, alikuwa upande wa pili wa hesabu hiyo, na vitabu vya uchumi humtaja kwa neno moja tu: nguvukazi.

Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa za mkonge. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikashuka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani 20,000 hivi. Wapo wanaolaumu plastiki peke yake na wapo wanaolaumu utaifishaji peke yake. Mwanafunzi mzuri angeanza na tarehe: bei ilianza kuporomoka kabla ya Azimio hilo.

Na Derema? Kahawa ilipokwisha, miaka ilipita na wakulima wakapanda iliki chini ya kivuli cha msitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliamua kuifanya sehemu hiyo ushoroba wa wanyama na mimea, na wakulima wakatakiwa kuacha mashamba yao kwa fidia. Wathamini walihesabu mazao shina kwa shina, malipo yakaja miaka kadhaa baadaye. Kubishania shina la iliki lina thamani gani, ukitia ndani mavuno ambayo lingetoa mwakani na miaka inayofuata, ndiko kufanya uchumi wa biashara, na wakulima wa Amani waliufanya bila kupita chuo chochote.