Sikio la Fundi: Jinsi Haibridi Ilivyopanda Milima ya Gusii

Huwezi kuandika historia ya haibridi Kisii bila kuanza na Probox. Najua ni gari la kuchekwa mitandaoni. Lakini nenda Suneka, Ogembo, Keroka au Kebirigo uone nani anabeba watu, ndizi, majani ya chai na maiti. Abiria mmoja anakaa na dereva kwenye kiti kimoja, kila mtu na tako lake moja, na gari linapanda mlima bila kulalamika. Toyota ilizindua Probox huko Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, la watu wa mauzo na vifurushi vya mjini. Sidhani mhandisi aliyelichora alikuwa akifikiria mteremko wa Manga baada ya mvua.

Ndani ya Probox nyingi za kwanza za lita 1.5 mlikuwa na injini inayoitwa 1NZ-FE. Shika hilo jina. Toyota Prius ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, ilikuwa na 1NZ-FXE. Aqua, iliyotoka Desemba 2011, pia ina 1NZ-FXE. Hiyo herufi moja, X, ndiyo tofauti kati ya binamu wawili wa damu. Yaani siku Aqua ya kwanza ilipoingia gereji ya jua kali Kisii, fundi aliyelelewa na Probox alikuwa tayari anaijua nusu ya gari lile. Ile nusu nyingine ndiyo iliyoleta shida.

Fundi wa kwetu alijifunza kazi kwa sikio. Wazee waliokua na Peugeot 404 na 504, magari yaliyojipatia jina kwa kushinda Safari Rally (404 mara nne kati ya 1963 na 1968, 504 mwaka 1975 na 1978), walikuwa wanakwambia "iwashe," kisha wanainamisha kichwa. Valvu inagonga. Plagi moja imelala. Kabureta inakunywa sana. Kijana aliyekuja kujifunza alianza kwa kuosha spana na kushika tochi, akikaa karibu na mzee mpaka sikio lake likafanana na la mzee. Wengine walipitia Gusii Institute of Technology, ambayo leo ni Kisii National Polytechnic, lakini hata wao wakitoka na cheti walikuja kumalizia masomo chini ya gari. Mapema miaka ya 1990 serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa, mitumba ya Japani ikafurika, sikio likahama kutoka Peugeot kwenda Corolla, halafu Probox. Kila mara sauti zilikuwa mpya lakini lugha ilikuwa moja.

Sasa leta gari ambalo ukiliwasha halisemi kitu.

Wazo lenyewe si jipya hata kidogo. Mwaka 1900 Ferdinand Porsche, akiwa bado kijana huko Austria, alitengeneza gari lenye injini ya petroli inayozalisha umeme wa kuzungusha magurudumu. Akaliita Semper Vivus. Petroli ilikuwa rahisi na betri zilikuwa nzito, kwa hivyo wazo likalala karibu karne nzima. Toyota walipolifufua miaka ya 1990, mradi uliongozwa na Takeshi Uchiyamada.

Kilicholeta haibridi Nyamira, hata hivyo, ni siasa za Tokyo zaidi ya uhandisi. Mwaka 2009, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, serikali ya Japani ilipunguza kodi na kutoa ruzuku kwa wanaonunua magari yanayokula mafuta kidogo. Prius ikawa gari linaloongoza kwa mauzo Japani mwaka huo, na ikashika nafasi hiyo hadi 2012. Aqua ikapokea kijiti 2013, ikaongoza tena 2015. Mamia ya maelfu ya familia za Japani zikanunua haibridi karibu kwa mpigo. Na Mjapani hakai na gari sana, kwa sababu kila baada ya miaka miwili lazima alilipie ukaguzi wa bei kali, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo anavyoona afadhali aliuze.

Huku kwetu, kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515 kinakataza kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Wanunuzi wengi wa Kenya huagiza lililo karibu na mpaka huo, maana ndilo la bei nafuu. Piga hesabu mwenyewe. Aqua ya 2012 mwisho wake kuingia ni 2019, na ya 2013 ni 2020. Wimbi lililoanzia kwa mfanyakazi wa ofisi Nagoya likatua Mombasa, likapanda lori, likafika Keroka miaka 7 au 8 baadaye.

Lakini kuna kitu kinanikera kwenye hiyo hesabu. Marekani, dhamana ya Toyota kwa betri kubwa ya haibridi za enzi hiyo ilikuwa miaka 8. Kumbe sheria yetu ya umri, iliyoandikwa wakati watu wakifikiria bodi, moshi na injini, ilikuwa inatuletea gari wakati ule ule ambapo mtengenezaji wake kule ng'ambo anaacha kuibebea betri dhamana. Hakuna aliyepanga njama. Sheria ilizaliwa kabla ya haibridi kuwa kitu cha kawaida hapa. Lakini mnunuzi wa Nyamira ndiye aliyebaki ameshika bomba.

Shangazi yangu ni mwalimu Nyamira. Alichukua mkopo wa sako akanunua Aqua nyeupe, safi, ndani inanuka Japani. Asubuhi moja ya Juni, mvua imenyesha usiku kucha, gari likakataa kuwaka. Taa za dashibodi zote zikawaka kama mti wa Krismasi, neno READY likakataa kutokea. Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilimwambia betri kubwa imekufa na atafute laki moja na nusu. Shangazi alikaa na hiyo habari wiki mbili akipanda boda kwenda shule, mkopo ukiendelea kukatwa kwenye mshahara. Kijana mwingine alipokuja na mita ya volti ya bei rahisi, aliinua kiti cha nyuma, akapima betri ndogo ya volti 12 iliyojificha pale, akaikuta ina volti 9 na kitu. Betri mpya, nusu saa, gari likawaka. Yaani halikutoa sauti, liliandika READY tu, na shangazi akauliza, "Sasa limewaka ama bado?"

Hadithi hiyo utaipata karibu kila kijiji chenye Aqua, na chanzo chake ni historia ile ya sikio. Gari la kawaida likiwa na betri dhaifu, unasikia stata ikivuta pole pole, krr-krr-krr, na unajua. Haibridi ya Toyota haina stata. Haina oltaneta pia. Mota ya umeme iliyo ndani ya giaboksi ndiyo inayoamsha injini, na umeme wake unatoka kwenye betri kubwa. Kazi ya betri ndogo ni kuamsha kompyuta na kufunga swichi zinazounganisha betri kubwa na gari. Ikichoka, kompyuta zinapayuka na kutoa makosa ya kila aina, na asiyejua atafikiri gari zima limeoza. Kwa hivyo, msee, kabla hujamlilia mtu, pima betri ya volti 12. Ukiijampu, angalia chanya na hasi mara mbili, kwa sababu kugeuza waya kunaweza kuunguza fyuzi kuu au inveta, na hapo sasa ndiyo utalia kweli.

Betri kubwa nayo hufa, tusidanganyane. Ya Aqua imepangwa kwa moduli 20, kila moja volti 7.2, jumla 144. Prius ina 28, jumla 201.6. Mafundi wengi huziita seli. Moja ikidhoofika inaburuta wenzake, na mashine ya kusoma hitilafu inaandika P0A80. Hapa ndipo ufundi wa Kisii ulipoonyesha meno yake. Badala ya kubadilisha betri nzima, vijana walianza kuifungua, kupima moduli moja moja na kutoa ile mbovu tu. Ni akili ile ile ya kushona tairi na kuchonga bushi. Inaokoa pesa, lakini nina wasiwasi nayo. Moduli zote zilizaliwa siku moja. Ukitoa ya kwanza leo, ya pili inakungoja miezi michache mbele. Fundi mzuri atakuambia hivyo kabla ya kupokea pesa. Atasafisha pia vile vipande vya shaba vinavyounganisha moduli, kwa sababu kutu ya kijani pale inaweza kukuletea lawama ambayo si ya betri.

Tena kuna feni. Betri ya Aqua inapumua kupitia tundu dogo karibu na kiti cha nyuma, na feni inavuta hewa ya ndani ya gari kuipoza. Japani pale hukaa mtoto na begi la shule. Huku tunaweka gunia la maharagwe. Vumbi la barabara za ndani linajaa kwenye kichujio, betri inachemka, na joto ndilo adui yake mkubwa. Kusafisha hapo ni kazi ya brashi na dakika chache. Ningekuwa na uwezo ningeandika hilo kwenye kila logibuku.

Mengine ni milima tu. Ukiteremka kutoka Kisii kupitia Oyugis kwenda Sondu, breki zinarudisha umeme kwenye betri mpaka ijae. Ikijaa, gari linazungusha injini bila kuchoma mafuta ili kumaliza ule umeme wa ziada, na ghafla unasikia injini ikilia na mguu wako hauko kwenye mafuta. Watu wamepeleka magari gereji kwa sababu hiyo. Si ugonjwa. Ugonjwa ni ule wa Prius ya kizazi cha tatu inayotetemeka asubuhi ikiwa baridi huku maji ya radieta yakipungua bila kuvuja popote: hapo njia ya kurudisha moshi imeziba masizi na gaskiti ya silinda hedi inaelekea kuungua, kama haijaungua. Na Honda Fit haibridi ya 2013? Japani kwenyewe iliitwa kiwandani mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ya giaboksi yake yenye klachi mbili, mpaka wakubwa wa Honda wakakatwa mishahara. Ukiipandisha kilima kwenye foleni, ikitambaa, klachi zinachemka. Sina la kuongeza.

Kuna jambo moja sipendi likigeuzwa mzaha. Nyaya za rangi ya machungwa zinaua. Gari la zamani lilikuunguza, likakukata kidole, jeki ikateleza, lakini umeme wake wa betri haukuwahi kumuua fundi. Volti 144 au 201 za mkondo mnyoofu ni habari nyingine. Lazima uchomoe plagi ya usalama, uvae glavu za umeme, kisha ungoje kama dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Jua kali ilijengwa juu ya haraka, mteja amesimama pale akiangalia saa, na sasa inabidi fundi afunze mikono yake kutulia. Nimeona vijana wakivaa glavu za kuoshea vyombo. Hizo hazisaidii.

Pamoja na hayo yote, watu wanazidi kuzinunua, na sababu si ngumu kuiona. Julai 2023 kodi ya VAT kwa mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Oktoba mwaka huo lita ya petroli Nairobi ikafika shilingi 217.36. Toyota ilidai kilomita 35.4 kwa lita wakati Aqua inazinduliwa, kwa vipimo vya maabara ya Japani. Kwa milima yetu sahau hiyo namba. Lakini hata nusu yake inamtosha mwalimu kuacha boda.

Na wimbi lijalo liko njiani. Mwishoni mwa 2018 Toyota iliweka mfumo wa haibridi ndani ya Probox, na injini waliyochagua ni 1NZ-FXE, yule binamu mwenye X. Kwa sheria ya miaka 8, magari ya 2018 ndiyo yaliyofika mpakani 2025. Kwa hivyo farasi wa Gusii, yule anayebeba watu kumi na mikungu ya ndizi, sasa anakuja na betri ya kupozwa na feni na nyaya za machungwa. Sijui kiwanda chochote kilichowahi kuijaribu haibridi kwa mzigo wa aina hiyo, na watakaolipia majaribio ni wenye magari na mafundi.

Wengine wameshaanza kujiandaa. Kwenye gereji moja ya mabati njia ya Kebirigo, ukuta ambao zamani ulikuwa na kalenda na picha za wachezaji wa Arsenal sasa una hesabu kwa chaki, ya kuwafunza wanagenzi: 7.2 × 20 = 144. Chini yake, kwa herufi kubwa zilizorudiwa mpaka chaki ikawa nene: NGOJA DAKIKA 10.