Mifupa ya Wachimbaji wa Chini ya Maji

Katika karne ya kumi na tisa, wahandisi wa Ulaya na Marekani walipotaka kusimamisha nguzo za madaraja mitoni, walitosa makasha makubwa yasiyo na sakafu, wakayashindilia hewa ili maji yasiingie, na humo vibarua wakachimba tope hata kufikia mwamba. Walipotoka upesi, wengi walishikwa na maumivu makali ya viungo, na baadhi walipooza au kufa. Hata Washington Roebling, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn, alidhurika mwaka 1872, asipate tena siha kamili. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alibainisha sababu: naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hugeuka mapovu mgandamizo upunguapo ghafula.

Dhara iliyojificha zaidi ilikuwa ya mifupa, ambayo, yamkini kwa mapovu kuziba vishipa vyembamba, hunyimwa damu ikafa. Mwaka 1911, kwa picha za eksirei, madaktari Bornstein na Plate waliieleza kwa wajenzi wa njia ipitayo chini ya mto Elbe, Hamburg. Mtu aweza kukaa miaka asihisi kitu, kisha kichwa cha mfupa wa paja kikabonyea, naye akachechemea umri wake wote. Nami sioni ujira uliolingana na hasara hiyo.

Kinga ilikuwapo tangu 1908, mwanafiziolojia Haldane alipowawekea wapiga mbizi, waliokabiliwa na hatari ileile, kanuni ya kupanda kwa vituo. Ama kwa nyonga iliyokwisha haribika, waganga hawakuwa na tiba ya kutegemewa sana, hata miaka ya 1960, John Charnley wa Uingereza alipoikamilisha nyonga ya bandia ya chuma na plastiki.