Hamu na Muda: Shule ya Decroly na Chuo cha Pwani

Mwaka 1907 daktari Ovide Decroly alifungua shule katika mtaa wa Ermitage, Ixelles, mjini Brussels. Tangu 1901 alikuwa akiwalea na kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili, na kwao alijifunza kumtazama kila mtoto peke yake. Miaka hiyohiyo, Lamu na Unguja, mwalimu wa chuo cha Qurani aliketi na wanafunzi wamemzunguka, kila mmoja na ubao wake na somo lake. Shule hizi hazikujuana, lakini swali lao lilikuwa moja: watoto wasiojifunza sawasawa wafundishwe vipi?

Decroly alianza na hamu. Hakuyagawa masomo kuwa hesabu, jiografia na sarufi. Aliyapanga kufuata mahitaji ya binadamu: kula, kujikinga na baridi na mvua, kujihami na hatari, kufanya kazi. Kila mada ilipita hatua tatu. Mtoto alikitazama kitu na kukipima, akakihusisha na vya mbali na vya kale, kisha akakieleza kwa maneno, kwa mchoro au kwa udongo.

Chuoni hamu ya mtoto haikuchagua somo. Njia ilikuwa moja kwa wote: herufi, irabu, kuziunganisha, kisha sura fupi za juzuu ya Amma, hadi kuhitimu. Kilichotofautiana ni mwendo. Hakukuwa na darasa la kwanza wala la pili. Aliyeiva alisogea, na ambaye hajaiva alibaki hapo bila kuwazuia wenzake. Mwalimu alimsikiliza kila mmoja kwa zamu, na mkubwa alimsomesha mdogo.

Hata katika kusoma walianzia ncha mbili. Kwa Decroly mtoto alikutana kwanza na sentensi nzima yenye maana kwake, akaichambua hadi kufikia neno na herufi. Chuoni alianza na herufi akapanda hadi aya, na maana mara nyingi ilimngoja miaka mingi, hadi darsa za msikitini kama zile za Riyadha kule Lamu. Kwa Decroly maana ilitangulia umahiri. Chuoni umahiri ulitangulia maana.

Kila njia ina hatari yake, na kila moja iliitafutia kinga. Hamu ikiachwa iongoze peke yake, mtoto atakwepa asichokipenda. Ndiyo maana Decroly aliifunga kwenye mahitaji ambayo hakuna binadamu anayeyakwepa. Kukariri kukiachwa peke yake, ulimi hutangulia akili; ndiyo maana jamii za pwani hazikukihesabu chuo kuwa mwisho wa elimu.

Baadaye ilienea nadharia nyingine, inayowagawa wanafunzi kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, na kumtaka mwalimu amfundishe kila mmoja kwa mlango wake. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Pashler, McDaniel, Rohrer na Bjork, waliupima ushahidi wake, wakaona hautoshi kuhalalisha mgawanyo huo shuleni. Mwanafunzi ana njia anayoipenda, hilo ni kweli. Lakini kuipenda njia si hakikisho kwamba itamfikisha.

Hapa Ermitage na chuo vinakutana. Decroly hakumfungia mtoto katika jicho au sikio: yuleyule alitazama, akasema, akafinyanga. Chuoni vilevile somo moja lilitaka jicho kwenye ubao, sikio kwa mwalimu, ulimi katika kisomo na mkono katika kuandika. Mapokeo yote mawili yaliheshimu tofauti za watoto bila kuwabandika majina. La kwanza liliiona tofauti katika kinachomvuta mtoto, la pili katika muda anaouhitaji.

Katika Brussels ya leo, watoto wengi wa familia za Kiislamu husoma shule ya kawaida siku za wiki na Qurani mwishoni mwa wiki; wenzao wa Mombasa na Zanzibar nao huunganisha shule na chuo. Mtoto wa namna hii akianguka katika kazi za shule, kumuuliza kama ni wa macho au wa masikio hakutamsaidia sana. Kuna maswali mawili yaliyo bora zaidi: je, kuna chochote katika somo hili kilichomgusa? Na je, alipewa muda wa kuiva kabla ya kusogezwa mbele? Mwalimu anayeyauliza yote mawili amewarithi Decroly na mwalimu wa chuo kwa pamoja.