Nardo ya Bethania Ilitoka Wapi?



Habari ya Mariamu wa Bethania, katika Injili ya Yohana sura ya 12, twaijua sote. Alitwaa ratli ya marhamu ya nardo akampaka Yesu miguu, na nyumba nzima ikajaa harufu. Yuda akanung'unika: marhamu hiyo ingaliuzwa kwa dinari 300, wakapewa maskini. Nimehubiri juu ya Mariamu mara nyingi, na juu ya Yuda pia. Lakini miaka yote niliyokaa chuo cha theolojia sikuuliza jambo moja: nardo yenyewe ilitoka wapi, na ni nani aliyeichimba?

Haikutoka Palestina. Nardo ni mmea mfupi wenye maua ya rangi ya waridi, uotao katika milima ya Himalaya, huko Nepal, Bhutan na kaskazini ya India, kwenye mita 3,000 hadi 5,000 juu ya bahari. Kumbukeni kwamba kilele cha Mlima Kenya wetu ni mita 5,199. Wahindi huuita jatamansi, na tangu kale huutumia kama dawa. Harufu yake imo katika shina la chini ya ardhi, lililofunikwa nyuzinyuzi kama nywele.

Kutoka huko iliteremshwa mpaka bandari za India, ikapakiwa merikebuni. Yuko mfanyabiashara Myunani wa karne ya kwanza aliyeandika kitabu cha safari za bahari hii yetu. Katika kitabu hicho hicho anataja nardo ya bandari za India, na pia mji wa Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, ulikonunuliwa pembe za ndovu. Pepo za msimu, ambazo wazee wa Lamu wanazijua vema, ndizo zilizosukuma biashara hiyo yote. Hati moja ya karne ya pili inaeleza shehena ya merikebu iitwayo Hermapollon, iliyotoka India: ilikuwa na vyombo 60 vya nardo ya Ganges. Ushuru wa Roma ulikuwa robo ya thamani ya mali.

Basi msishangae bei. Pliny, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, asema ratli moja ya nardo kavu ilifika dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Aonya pia kwamba wafanyabiashara walichanganya majani mengine ili kudanganya wanunuzi. Ndiyo maana Injili inatia mkazo kwamba hii ilikuwa nardo safi. Yuda alijua hesabu, hilo tumkubalie.

Siku zile mizizi ililowekwa katika mafuta pamoja na viungo vingine. Siku hizi hupitishiwa mvuke. Mvuke ukipoa, mafuta huelea juu ya maji. Hutiwa katika manukato na dawa.

Na wachimbaji? Katika wilaya za Jumla na Humla, magharibi ya Nepal, ni watu wa vijijini wenye mashamba madogo, wapandao milimani na majembe yao kutafuta fedha ya chumvi na nguo. Bei kubwa hupatikana mbali nao, kama zamani. Tena ukichimba mzizi, mmea umekufa. Mwaka 1997 nardo iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na wataalamu sasa wauhesabu miongoni mwa mimea iliyo karibu sana kutoweka.

Serikali ya Nepal imekataza mizizi kuuzwa nje kabla ya kutengenezwa, ili sehemu ya kazi ibaki nchini. Makapi yakishatolewa mafuta hayatupwi: husagwa yakafanywa uvumba.