Injini iliyofanyiwa ovahoo inapotoa moshi mweusi: uchunguzi uanzie wapi?

Gari la petroli hurudi kutoka gereji likiwa na pistoni, ringi na gasketi mpya, lakini likiwashwa hutetemeka, hunuka petroli na kutoa moshi mweusi. Hali hii huwakuta wenye magari wengi baada ya injini kufunguliwa na kujengwa upya, kazi ambayo mafundi huiita ovahoo. Aghalabu hatua inayofuata ni kununua sensa moja baada ya nyingine. Makala haya yanaeleza kwa nini hatua hiyo huja mapema mno, na utaratibu unaofaa kuitangulia. Mfano wetu ni injini ya silinda 4 zilizo katika mstari mmoja, yenye nozeli na kompyuta, kama zile za Toyota Corolla za miaka ya 1990.

Moshi mweusi una maana gani?

Ili petroli iungue kikamilifu, kila gramu 1 huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi kipimo hicho, sehemu yake haiungui vizuri, nayo hutoka ikiwa masizi. Moshi wa bluu ni jambo jingine: hiyo ni oili inayoungua, na unaweza kuonekana kwa muda mfupi wakati ringi mpya hazijakaa sawasawa. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata joto huashiria kwamba maji yanaingia ndani ya silinda.

Kwa nini tatizo hili halipaswi kusubiri?

Petroli isiyoungua huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, kisha huteremka na kuchanganyika na oili iliyo chini ya injini. Ringi mpya, ambazo hukaa mahali pake katika kilomita za mwanzo, huanza kulika badala ya kuziba. Hivyo ushauri wa kuliendesha gari "mpaka lizoee" unaweza kuiharibu kazi yote iliyolipiwa. Kijiti cha kupimia oili kikinuka petroli, oili hiyo imwagwe na kubadilishwa mara tatizo linapoondolewa.

Kuna pia hatari kwa maisha. Injini inayopata petroli nyingi hutoa kwa wingi monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Injini hiyo isiachwe ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache.

Yaanze yaliyoguswa

Ikiwa gari liliingia gereji bila moshi huo, chanzo kitafutwe kwanza miongoni mwa vitu vilivyofunguliwa. Sensa iliyofanya kazi vyema kabla ya ovahoo inaweza kuwa bado nzima, ila waya au mpira wake haukurudishwa.

Katika injini zinazokadiria hewa kwa kupima mgandamizo ndani ya manifoldi, mpira mwembamba unaokwenda kwenye sensa hiyo ndio wa kwanza kuangaliwa. Ukichomoka au ukipasuka, kompyuta huamini kwamba dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, nayo huongeza petroli hata gari likiwa limesimama. Mpira wa kidhibiti cha mgandamizo wa petroli nao uchomolewe: ukikutwa na petroli ndani, kiwambo cha kidhibiti hicho kimetoboka.

Kisha zifuatwe waya za plagi. Katika injini hii cheche hufuatana kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na waya mbili zikibadilishana, silinda mbili hazifanyi kazi.

Plagi zatoa ushahidi

Plagi zote 4 zitolewe na kupangwa kwa mfuatano wa silinda zake. Zote zikiwa nyeusi na kavu, kasoro iko katika kitu kinachohudumia silinda zote, kama vile sensa, mgandamizo wa petroli au taimingi. Moja tu ikiwa nyeusi, uchunguzi uhamie kwenye silinda hiyo: cheche, nozeli inayovuja au kompresheni. Plagi yenye utelezi wa oili huelekeza kwenye ringi au sili za vali.

Kompresheni ipimwe katika silinda zote. Silinda moja ikipungua sana kuliko nyenzake, huenda vali haizibi au ringi imevunjika, na hakuna sensa itakayoponya hilo.

Jino moja la mkanda

Kosa ambalo ovahoo huweza kuleta bila kuonekana nje ni mkanda wa taimingi kupishana jino moja. Vali hufunguka na kufungwa nje ya wakati, na mvuto wa hewa ndani ya manifoldi hupungua. Sensa ya mgandamizo huripoti kwa usahihi kile inachokiona, lakini kompyuta hukitafsiri kuwa mzigo mkubwa na kuongeza petroli. Alama za kreki na za kamshafti zihakikiwe kwa kuzungusha injini kwa mkono mizunguko 2 kamili, kwa kuwa kamshafti huzunguka mara 1 kila kreki inapozunguka mara 2.

Kompyuta inapopotoshwa

Silinda isiyowaka hutoa oksijeni ambayo haikutumika. Sensa ya oksijeni huiona na kuarifu kwamba petroli ni pungufu, na kompyuta huongeza zaidi. Bomba la moshi linalovuja kabla ya sensa hiyo huleta matokeo yaleyale. Hapo sensa hulaumiwa ilhali imesema kweli.

Sensa ya joto la maji hupimwa kwa mita ya umeme: katika magari mengi ya Toyota huonyesha takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Aidha, mafundi wengi wa kanda yetu huondoa themostati wakidai kwamba injini itapoa vyema. Bila themostati injini huchelewa kupata joto, nayo kompyuta huendelea kuipa petroli ya wakati wa baridi.

Mwinuko wa mahali

Mvuto wa hewa wa injini nzima isiyokanyagiwa mafuta huwa takriban inchi 17 hadi 22 za zebaki usawa wa bahari, na hupungua karibu inchi 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Katika mji kama Kigali, ulio juu ya mita 1,500, kipimo cha 12 hadi 17 kinaweza kuwa cha kawaida. Fundi anayetegemea takwimu za pwani anaweza kuifungua tena injini isiyo na kasoro. Kwa magari ya kabureta, iliyorekebishwa Mombasa au Dar es Salaam itatoa petroli ya ziada ikipandishwa nyanda za juu, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi.

Kwa ufupi, mipira na waya zikaguliwe kwanza, zifuate plagi, kompresheni na taimingi, na sensa zipimwe kabla ya kununuliwa nyingine. Mwenye gari ana haki ya kumwomba fundi amwonyeshe vipimo hivyo kabla ya kulipia kipuri kipya.